Mtoto alifia ndani ya gari juani, mitandao ikamhukumu baba: Mambo ambayo wengi hawakuyajua

Kila msimu wa joto ukifika Marekani, habari ya aina moja hurudi: mtoto mdogo kasahaulika ndani ya gari lililofungwa, joto likapanda, mtoto akafariki. Na kila inapotokea, saa chache tu baadaye mitandaoni maswali huwa ni yale yale. Mzazi anawezaje kumsahau mwanawe? Huyu si kasahau, kaamua.

Kesi iliyozua gumzo kubwa kuliko zote ni ya Justin Ross Harris, baba kutoka jimbo la Georgia. Ilianza mwaka 2014 na ikachukua miaka 10 mpaka kufika mwisho. Ukiifuatilia hatua kwa hatua, utaona jinsi fununu zinavyoweza kugeuka kuwa "ukweli" kabla hata mahakama haijakaa.

Ilikuwaje siku hiyo?

Asubuhi ya Juni 18, 2014, Harris alipitia mgahawani kupata kifungua kinywa na mwanawe Cooper, mwenye umri wa miezi 22, katika kaunti ya Cobb, pembezoni mwa Atlanta. Walipotoka alimfunga mtoto kwenye kiti chake, siti ya nyuma. Alitakiwa kumpeleka kituo cha kulelea watoto, halafu aende kazini.

Hakwenda kituoni. Aliendesha moja kwa moja hadi ofisini, mwendo wa dakika chache tu, akaegesha na kuingia ndani. Mtoto alibaki kwenye gari kwa takriban saa 7. Nje joto lilipita nyuzi 30.

Jioni, akiwa barabarani, Harris alisimama kwenye eneo la maduka na kumtoa mtoto garini huku akipiga kelele. Ilikuwa tayari too late kwa lugha ya mashuhuda wa pale; Cooper alikuwa ameshafariki. Siku hiyo hiyo polisi wakamkamata baba.

Mwanzoni wengi walimuonea huruma. Maelfu ya watu walitia saini mtandaoni kuomba afutiwe mashtaka. Upepo ukageuka ghafla.

Fununu zilivyoanza kusambaa

Hati za polisi zilisema Harris alikuwa ameperuzi intaneti kuhusu watoto wanaofia kwenye magari. Hiyo peke yake ilitosha. Watu wakahitimisha: alipanga.

Julai 3, 2014, mahakama ilikaa kuangalia kama kuna sababu za kutosha za kuendelea na kesi, na kikao kikarushwa mubashara kwenye televisheni. Hapo ndipo umma uliposikia kwamba wakati mtoto yuko garini, baba alikuwa anachati ujumbe wa ngono na wanawake kadhaa. Ilielezwa pia kuwa mchana alirudi kwenye gari kuweka kitu alichonunua, na kwamba alikuwa ametembelea ukurasa wa watu wasiotaka kuzaa.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia kingine.

Hata mke wake hakupona. Watu walichambua kila neno alilosema polisi. Mazishini walihesabu machozi yake: kwa nini halii? Kwa nini yuko mtulivu hivyo? Mama aliyefiwa na mtoto akawa mshukiwa kwenye simu za watu asiowajua. Ukweli ni kwamba hakuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote, na baadaye, akiwa ameshaachana na Harris, alipanda kizimbani na kusema wazi kuwa mwanamume huyo alimharibia maisha, ila alikuwa baba aliyempenda mwanawe.

Mahakamani mambo yakawa na sura nyingine

Gumzo lilikuwa kubwa kiasi kwamba jaji alilazimika kuihamisha kesi. Ilipelekwa mji wa Brunswick, mbali na Cobb, kwa sababu kupata watu ambao bado hawajaamua moyoni ilikuwa kazi ngumu.

Huko, baadhi ya vitu ambavyo umma ulivichukua kama ushahidi wa wazi vilianza kupungua uzito. Kuhusu kuperuzi vifo vya garini, utetezi ulisema kilichokuwepo ni video ya daktari wa mifugo aliyejifungia kwenye gari kuonyesha hatari ya joto kwa wanyama, na Harris aliifungua kama watu wengine walivyoifungua. Kuhusu ukurasa wa wasiotaka watoto, ilielezwa kuwa rafiki yake ndiye aliyemtumia linki, naye akajibu kuonyesha kuwa hakupendezwa nayo.

Upande wa mashtaka nao haukuwa mikono mitupu. Walionyesha kuwa muda mfupi kabla ya kumuacha mtoto, Harris alimwandikia mtu mtandaoni kwamba anampenda mwanawe lakini kila mmoja anahitaji kutoroka kidogo. Wakauliza pia: unamsahau vipi mtoto uliyemfunga kitini dakika chache zilizopita? Ni swali la haki, na halina jibu jepesi.

Novemba 2016, wazee wa baraza walimkuta na hatia ya mauaji. Mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha bila msamaha, na miaka 32 juu yake. Mitandaoni wengi walishangilia.

Miaka sita baadaye, hukumu ikaanguka

Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Georgia ilifuta hukumu ya mauaji kwa kura 6 dhidi ya 3.

Sababu yake ndiyo inayopaswa kusomwa taratibu. Majaji walio wengi hawakusema Harris ni mtu mwema. Walisema ushahidi mwingi kuhusu tabia zake za ngono haukuthibitisha kuwa alikusudia kumuua mtoto, bali ulimfanya achukiwe na wazee wa baraza. Kuthibitisha kuwa mtu ni msaliti wa ndoa ni jambo moja. Kuthibitisha kuwa ni muuaji ni jambo lingine kabisa.

Mahakama ilisema pia kuwa ushahidi halali uliobaki ungeweza kumtia mtu hatiani, ila haukuwa mzito kiasi cha kusema kosa lililofanyika halikuathiri matokeo. Waendesha mashtaka wangeweza kumshtaki upya. Mei 2023 wakatangaza kuwa hawataendelea na shtaka la mauaji.

Harris hakutoka hapo hapo. Makosa yake ya kumtumia binti mdogo ujumbe wa ngono yalibaki, na hukumu yake ilikuwa miaka 12. Aliachiwa Juni 2024, miaka 10 tangu mwanawe afariki.

Je, alikusudia au alisahau? Hakuna hukumu ya mauaji iliyosimama. Kilicho wazi ni kwamba waliokuwa na uhakika wa asilimia mia tangu wiki ya kwanza walijenga uhakika huo juu ya vitu ambavyo mahakama ilikuja kuona havikuthibitisha walichodhani.

Kwa hiyo mzazi anaweza kweli kusahau mtoto?

Wataalamu wanasema ndiyo, na si lazima awe mlevi au asiyejali.

David Diamond, profesa wa Chuo Kikuu cha South Florida anayechunguza ubongo, amelifuatilia suala hili kwa miaka mingi. Anaeleza kuwa ubongo una mfumo wa mazoea, ule unaokufikisha kazini bila kufikiria njia, na mfumo wa kukumbuka jambo ulilopanga kufanya baadaye. Mazoea yakishika usukani, lile la pili linazimwa.

Ni kama umetumwa upitie dukani kununua mkate, unajikuta umefika nyumbani mikono mitupu. Haimaanishi hukutaka mkate. Njia ya kila siku imekupitiliza.

Ongeza usingizi mdogo, ratiba iliyobadilika siku hiyo, mtoto aliyelala kimya siti ya nyuma na kiti chake kimegeukia nyuma. Mbaya zaidi, kwa mujibu wa Diamond, ubongo huweza kujitengenezea picha kuwa mtoto ameshafikishwa. Ndiyo maana mzazi hufanya kazi siku nzima akiwa na amani.

Takwimu zinaonyesha zaidi ya watoto 900 wamekufa hivi nchini Marekani tangu 1998, wastani wa karibu 37 kwa mwaka. Zaidi ya nusu walisahauliwa. Karibu robo waliingia wenyewe kwenye gari wakicheza, wakashindwa kutoka. Mwandishi Gene Weingarten wa Washington Post, aliyeshinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2010 kwa makala kuhusu wazazi hawa, aliwakuta watu wa kila aina: mhasibu, fundi umeme, mchungaji, muuguzi, hata daktari wa watoto.

Tatizo lenyewe lilikua kuanzia miaka ya 1990. Mifuko ya hewa ya mbele ilikuwa inaua watoto kwenye ajali, hivyo wazazi wakashauriwa kuwahamishia nyuma. Ushauri ulikuwa sahihi na uliokoa maisha. Ila mtoto akatoka machoni pa dereva.

Kwa nini tunapenda kuamini alikusudia?

Kwa sababu inatupa utulivu. Kama baba yule ni shetani, basi wewe uko salama, maana wewe si shetani. Ukikubali kuwa mzazi anayempenda mwanawe anaweza kusahau, inabidi ukubali pia kuwa inaweza kukukuta.

Na hapo ndipo madhara yanapoanzia. Anayesema "mimi siwezi kamwe" hachukui tahadhari yoyote.

Huku kwetu vipi?

Joto halichagui nchi. Nje kukiwa na nyuzi 32, siku ya kawaida tu Dar es Salaam au Mombasa, ndani ya gari lililofungwa joto hupita 40 kwa dakika 10, na hukaribia au kupita 50 kwa nusu saa. Kushusha kioo kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto hupata joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wa mtu mzima.

Na si gari la nyumbani tu. Septemba 2022 nchini Qatar, mtoto wa miaka 4 alisahaulika akiwa amelala kwenye basi la shule na kufariki, siku yake ya kuzaliwa. Serikali ikafunga shule hiyo.

Hatua ndogo zinazookoa:

- Weka simu, pochi au kiatu chako cha kushoto siti ya nyuma, karibu na mtoto. Utalazimika kugeuka.
- Fungua mlango wa nyuma kila unapoegesha, hata ukiwa peke yako, mpaka iwe mazoea.
- Kubaliana na kituo au shule: mtoto asipofika, wapige simu mara moja.
- Dereva na msaidizi wa basi la shule wapite siti zote hadi ya mwisho kabla ya kufunga.
- Funga gari likiwa nyumbani na ficha funguo. Mtoto akipotea, angalia garini kwanza, pamoja na buti.
- Ukiona mtoto peke yake kwenye gari juani, usipite. Ita watu, mtafute mwenye gari, piga simu ya dharura.

Italia tangu 2019 inamlazimu dereva kuwa na kifaa cha kumkumbusha kama kabeba mtoto chini ya miaka 4. Waliotunga sheria hiyo hawakuanza kwa kuuliza nani shetani. Walikubali kwanza kuwa binadamu husahau.

Habari kama hii ikirudi tena kwenye simu yako, na itarudi, kabla hujaandika "huyu kaua", mkumbuke yule mama aliyehesabiwa machozi mbele ya jeneza la mwanawe. Halafu geuka uangalie siti ya nyuma.