Istilahi za Kupoza Kompyuta: Tatizo la Neno "Maji"

Kazi ya istilahi si kuyapatia majina mambo mapya tu, bali pia ni kumwongoza mtumiaji asipotoke. Jambo hili limetudhihirikia tulipochunguza maneno yanayohusu kompyuta ambazo mafundi huziunda wenyewe katika kasha dogo, na kuzipoza kwa kimiminiko badala ya upepo wa feni peke yake.

Mbinu yenyewe si ngeni. Kompyuta kubwa za IBM zilipozwa kwa maji tangu miaka ya 1960, na mwaka 2004 Apple iliuza kompyuta ya mezani, Power Mac G5, iliyopozwa kwa kimiminiko. Sababu ni ya kifizikia: ujazo ukiwa sawa, maji huchukua joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa kwa kila digrii moja. Katika kasha lisilozidi lita 20, ambamo ubao mama mara nyingi hupima sentimita 17 kwa 17, mapezi makubwa ya kutawanyia joto hayapati nafasi. Hivyo joto hubebwa na kimiminiko hadi ukingoni mwa kasha na kutolewa nje.

Tuanze na mfumo mzima. Anayefasiri Kiingereza neno kwa neno atauita "kitanzi". Lakini kwa Mswahili kitanzi ni cha kunyongea au cha kutegea. Tunapendekeza *mzunguko*, kwa kuwa kimiminiko hutoka tangini, husukumwa na pampu, hupita kwenye kichakataji na kwenye rejeta, kisha hurudi tangini.

Sehemu inayogusa kichakataji ni kipande cha shaba chenye mifereji myembamba ndani yake. Tafsiri sisisi ingetupa "tofali la maji", jina lisiloeleza kazi yoyote. Tunapendekeza *bamba la kupozea*. Ama *rejeta*, neno hili limekwisha kuzoeleka katika gereji zetu, na kazi ya kifaa ni ile ile. Hatuoni sababu ya kuwanyang'anya mafundi neno lao.

Tatizo kubwa limo katika neno *maji*. Fundi anayesoma agizo la "kujaza maji" ana haki ya kufungua bomba. Lakini maji ya bomba yana chumvichumvi. Hupitisha umeme, na huacha ukoko unaoziba mifereji ya bamba. Hata maji yaliyokenekwa, yasipotiwa dawa, huweza kuota mwani. Tena, rejeta ikiwa ya alumini na bamba likiwa la shaba, kimiminiko huziunganisha metali hizo mbili mithili ya betri, na alumini huliwa hadi kutoboka. Katika kasha finyu, tone lililovuja halisafiri mbali kabla ya kuufikia ubao mama. Basi neno moja lisilo makini laweza kumgharimu fundi kompyuta nzima.

Kwa hiyo tunapendekeza *kipozeo*, yaani kitu cha kupozea, kutokana na kitenzi *-pozea*. Neno hili halitaji maji, na humlazimu msomaji aulize: kipozeo gani? Swali hilo ndilo kinga yake.

Kuhusu kitenzi chenyewe, yafaa kutahadhari mara mbili. Kwanza, *kupoza* kuandikwe kwa "o" moja, kwani katika matumizi ya kawaida *kupooza* ni kupotewa na nguvu za viungo. Pili, tunavyo vituo vya kupoza umeme, ambamo *-poza* humaanisha kupunguza msongo wake. Kwa kuwa ndani ya kompyuta mna joto na umeme pia, mwandishi aseme *kupoza joto* palipo na utata.

Mwisho, kabla ya kompyuta kuwashwa, pampu huendeshwa peke yake kwa saa kadhaa, sehemu nyinginezo zikiwa hazina umeme, ili ionekane kama pana panapovuja. Hatua hii tunapendekeza iitwe *jaribio la mvujo*.

Haya ni mapendekezo, wala hayajasanifiwa. Wasomaji wetu, hasa mafundi, wanaombwa wayajaribu kazini na kutuletea maoni yao, kwani istilahi isiyokubalika karakanani haitaokolewa na kamusi.