Kibali Hutangulia Nguzo

Askari akaribiaye kustaafu huanza kuifikiria nyumba yake na ua wake. Katika ua huo hutaka kibanda cha kivuli: nguzo nne, boriti zilizopangwa juu, na mpasheni unaotambaa. Kwa kuwa kibanda hicho hakina kuta, wengi hudhani kwamba serikali haihusiki nacho. Dhana hiyo imewatia wengi hasarani.

Ifahamike kwamba Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya Uganda nzima, mijini na vijijini, kuwa eneo la mipango. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 nayo inakataza kazi ya ujenzi kuanza bila kibali cha Kamati ya Ujenzi. Mbarara, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2020, huwa na kamati yake. Oruchinga na Nakivale zimo wilayani Isingiro.

Masharti hayo yana sababu. Boriti huweza kuvuka mpaka wa jirani, maji ya mvua yakamwagika kwake, au nguzo zikaziba njia ya gari la zimamoto. Tena kibanda hukua: mwaka huu mabati, mwaka ujao kuta, kisha chumba cha kupangisha. Kingo za mto Rwizi na za ziwa Nakivale, zaidi ya hayo, hulindwa na kanuni za mazingira za mwaka 2000.

Katika makazi ya wakimbizi jambo la kwanza ni ardhi yenyewe. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 humpa mkimbizi haki ya kuitumia, wala si ya kuiuza. Hivyo mkimbizi atakaye kujenga huanzia kwa kamandanti wa makazi, aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Na askari auziwaye kiwanja humo hununua kisichouzika. Hakuna kibali kitakachomponya.

Polisi ndiye aitwaye kulinda amani siku ya kubomoa. Hapana budi aione amri iliyoandikwa, na mamlaka iliyoitoa, kabla nguzo haijaguswa. Naye mwenye ua amwendee afisa wa udhibiti wa ujenzi kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Karatasi moja iliyopatikana mapema yaweza kuwaepusha wote wawili na fedheha ya siku hiyo.