Yai bichi halipiti njia ya sauti

Swali limerudi tena, safari hii kutoka Bugarama. Binti wa kidato cha nne, mpiga tarumbeta wa bendi ya shule, anataka kuimba jazi na kutunga nyimbo zake. "Shikamoo mwalimu. Ninywe nini sauti itoke?" Mjomba ameshamwandikia dozi: mayai mabichi mawili ya kienyeji, alfajiri, kabla ya kutia kitu tumboni.

Hakuna cha kunywa, mwanangu, zaidi ya maji.

Nyuzi za sauti zimo ndani ya zoloto, kwenye njia ya hewa. Chakula kina njia yake nyuma ya hapo. Weka kidole kooni, umeze mate: umehisi zoloto linavyoruka? Hapo njia ya hewa imefungwa na nyuzi zimebanana, na yai linapita zake kwenda tumboni. Likizigusa kweli, hutaimba. Utakohoa mpaka utoe machozi. Asali, tangawizi na ndimu ni hadithi ileile: ulaini unaousikia uko juu kooni, nyuzi hazina habari. Yai bichi linaweza kukuletea salmonela, ukaharisha siku ya onyesho. Pombe kali "ya kulegeza koo" ni mbaya zaidi, maana inakausha koo na kukuzuia kusikia kwamba umeshatoka nje ya kii.

Na msiniletee dawa za mvuto. Najua Bagalu na Bagika, vyama vya ngoma vya Usukuma, wameshindana nazo tangu enzi za mababu. Lakini ni manju gani aliyeingia uwanjani na dawa bila nyimbo?

Kinachozifikia nyuzi moja kwa moja ni hewa. Ndiyo maana mvuke wa maji ya moto, bila majani, unasaidia, na vumbi la makarasha ya kusagia mawe linaumiza. Maji ya kunywa nayo husaidia, ila kupitia damu, polepole. Anza asubuhi, si ukiwa unaitwa jukwaani.

Kinachonikera ni kwamba binti huyu anahangaikia mayai ilhali tarumbeta imeshampa pumzi na sikio. Louis Armstrong, gwiji wa jazi na tarumbeta, alijifunza koneti katika kituo cha watoto watukutu New Orleans, alikopelekwa baada ya kufyatua bastola mkesha wa mwaka mpya wa 1913. Alipoimba, aliimba kama anavyopuliza: anachelewa kidogo nyuma ya mdundo, anakatakata maneno, mara anayaacha kabisa. Na sauti yake ilikuwa ya mikwaruzo mitupu! Hapa kwetu Mbaraka Mwinshehe alitunga, akaimba na kupiga gitaa la solo katika bendi ya Morogoro Jazz, ingawa "jazz" ya bendi zile ilikuwa dansi. Amua mapema unataka ipi.

Haya, upesi. Piga mstari mmoja kwa tarumbeta, uimbe huohuo, kisha uupindishe. Ukitunga, sema maneno kwanza: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na muziki ukikaza kwingine wimbo utasikika kama wa mgeni. Jirekodi kwa simu, ujisikilize hata kama unaona aibu. Ukimaliza shule, ulizia chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo au Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, Zanzibar. Nyimbo zisajili COSOTA, kwenye hakimiliki. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, si kwa mjomba.

Yale mayai mkaange, mnywee chai.