UMRI WA KUSTAAFU NA HAKI YA MFANYA KAZI

Watu wengi huuliza: Je, mwajiri aweza kumwachisha mtu kazi kwa sababu amekuwa mzee? Jibu lategemea ameajiriwa na nani, na mapatano yake ya kazi yasemaje.

Zamani watumishi wa Serikali ya Kenya walistaafu wafikapo miaka 55. Mwaka 2009 Serikali iliongeza umri huo ukawa miaka 60, na mtumishi mwenye ulemavu huruhusiwa kufika miaka 65. Majaji nao mwisho wao ni miaka 70. Baadhi ya majaji walioapishwa chini ya Katiba ya zamani walidai kwamba haki yao ni miaka 74, lakini mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilikata ya kuwa miaka 70 ni ya wote.

Katika makampuni, mashamba na maduka mambo ni mbali. Sheria ya Ajira ya 2007 haikuweka umri wa kustaafu. Umri huo huwekwa katika mapatano ya kazi au kanuni za kampuni. Kwa hiyo mtu atiaye sahihi au alama ya kidole pasipo kusomewa karatasi, huenda akakubali jambo asilolijua.

Sheria hiyo ilipotungwa ilikataza ubaguzi kwa ajili ya rangi, dini, jinsia na mengineyo, lakini umri haikuutaja. Pengo hilo lilizibwa na Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 27 yakataza mtu yeyote kumbagua mwenziwe kwa sababu ya umri. Maana yake si kwamba hapana kustaafu. Umri uliotangazwa wazi kwa wote ni jambo moja. Kumwondoa mtu mmoja kabla ya wakati wake kwa kuwa ana mvi ni jambo jingine. Mwajiri yampasa kutoa sababu ya haki, na kumsikiliza mtu kwanza.

Basi, ewe mfanya kazi, angalia mambo matatu mapema. Kwanza, tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kazini ilingane na ile ya kitambulisho chako. Mwaka uliokisiwa tu na karani waweza kukupunguzia mishahara ya miaka mingi. Pili, tunza nakala ya mapatano yako. Tatu, ukidhulumiwa, nenda upesi kwa afisa wa kazi, kwani madai yasiyofikishwa mahakamani katika muda wa miaka 3 hupotea.

Akiba haiozi, na karatasi iliyotunzwa vema ni akiba pia.