Nukta Mbili Chini ya Herufi

Mwizi wa siku hizi havunji mlango. Hujenga mlango mwingine unaofanana na wako. Mapema mwaka 2018, wateja wa Binance, soko la sarafu za kidijitali, walitegwa kwa tovuti ya bandia. Jina lake lilikuwa lile lile, ila chini ya kila herufi n palikuwa na nukta ndogo, mfano wa vumbi kwenye kioo. Walioandika humo maneno yao ya siri waliwafungulia wezi akaunti zao. Tarehe 7 Machi sarafu zao zikauzwa bila idhini.

Basi, usifuate kiungo ulicholetewa. Andika anwani mwenyewe, ihakiki herufi kwa herufi, uihifadhi, na utumie hiyo daima. Askari wa zamu hamruhusu mtu kupita kwa kuwa amevaa sare tu, humtaka kitambulisho. Nasi nyumbani tufanye vivyo hivyo.