Simu Janja Imefika Tambarare

Mitumbwi ya omena hurudi Port Victoria, kando ya Ziwa Victoria, kabla jua halijapanda. Asubuhi moja katika ufukwe wa Marenga nilimwona kijana akiruka majini, akauvuta mtumbwi hadi mchangani, kisha akauwahi mkebe wa mafuta ya kupikia uliofunikwa barabara. Ndani mlikuwa na simu mbili: moja janja, imepasuka kona, na nyingine kabambe ya vitufe. Alianza na ile janja. Akafuta kidole kwenye shati, akagusa kioo, kioo kikakataa. Akafuta tena, ikafunguka programu asiyoitaka. Vidole vilikuwa vimelowa na kujaa magamba. Aliirudisha mkebeni, akachukua kabambe, akabonyeza namba kwa dole gumba na kumweleza mnunuzi wake ni karai ngapi zimepatikana usiku ule.

Naikumbuka asubuhi hiyo kila ninaposikia watu wakibishana kama teknolojia ya simu janja imefika mwisho. Kwa maoni yangu imefika tambarare. Simu ya bei ghali ya mwaka huu inafanya karibu yote yaliyofanywa na ile ya miaka mitano iliyopita, na wengi wetu tukifichwa jina la kampuni hatungejua ipi ni ipi. Lakini mtu wa Port Victoria ana swali lingine la kuuliza: mlima huo ulipandwa kwa ajili ya nani, na yale yaliyomshinda yule kijana yaliachwa wapi?

Kupanda kwenyewe kulikuwa kwa kasi ya ajabu. Steve Jobs aliionyesha iPhone ya kwanza Januari 2007, ikiwa na kamera ya megapikseli 2 na bila 3G. Mwaka 2011 Safaricom na Huawei wakaleta Kenya simu ya Android iitwayo IDEOS, kwa takriban shilingi 8,000, na hapo ndipo mwalimu na mwenye duka walipoanza kuiona simu janja kama kitu kinachoweza kuwa chao. Kioo chake kilikuwa cha inchi 2.8 na betri yake ya mAh 1,200. Mnamo Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, kikaanza na Neon Smarta kwa shilingi 7,499 na Neon Ultra kwa shilingi 8,999, zote za 4G. Shilingi ya 2023 ilikuwa nyepesi mno kuliko ya 2011, kwa hiyo simu hizo ni rahisi zaidi kuliko bei inavyoonyesha, nazo zinaiacha IDEOS mbali kwa kila kipimo. Kwa mnunuzi wa chini, basi, kupanda kuliendelea hata baada ya wenye pesa kuanza kuchoshwa.

Huko juu kumekwama kwa sababu za kimaumbile. Kioo ndicho kilichofika kwanza. Mwaka 2010 iPhone 4 ilikuwa na pikseli 326 kwa kila inchi, na mtu akiishika kwa umbali wa kawaida jicho lake halitenganishi nukta moja na nyingine. Nukta zikizidi hapo zinakula betri kwa faida isiyoonekana. Kamera nayo inategemea mwanga, na mwanga wote huo hupita kwenye lenzi ndogo kuliko punje ya mahindi. Ndiyo maana kwa takriban miaka kumi picha zimekuwa zikiboreshwa na hesabu zaidi kuliko vioo: simu inapiga picha kadhaa kufumba na kufumbua, kisha inaziunganisha. Transsion ya Shenzhen, inayotengeneza Tecno, Itel na Infinix, ilijipatia soko Afrika kwa njia hiyo hiyo, kwa kurekebisha hesabu za kamera ili nyuso nyeusi zisigeuke vivuli, pamoja na kuweka laini mbili na betri ya kudumu. Kampuni hiyo iliwatazama watu wa huku kabla ya kuchora simu yake.

Kwenye betri ndiko kwenye ukuta mgumu zaidi. Betri ya lithiamu-ioni iliingia sokoni kupitia Sony mwaka 1991. Tangu wakati huo, kilo moja ya betri hiyo imekuja kubeba umeme mara tatu hivi ya ule wa mwanzo. Ni hatua nzuri kwa kemia, lakini katika miaka hiyo hiyo vijiswichi vinavyojazwa ndani ya chipu vimeongezeka maelfu ya mara. Akili ya simu ilikimbia, tumbo lake likatembea. Kisha ikaja shida ya joto. Kuanzia takriban 2005, kuvipunguza vijiswichi hivyo ukubwa hakukuokoa tena umeme kama zamani, na simu haina feni ya kuipoza. Ikipata moto inajipunguzia mwendo yenyewe. Mama aliyeiacha simu yake juu ya nyavu za kuanikia omena saa saba mchana ameshaliona onyo hilo kwenye kioo, hahitaji kusimuliwa.

Soko lilitambua. Kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya IDC, simu janja zilizosafirishwa duniani zilikuwa takriban bilioni 1.47 mwaka 2016. Mwaka 2023 zilishuka hadi kama bilioni 1.17. Mwishoni mwa 2018 Apple ilitangaza kuwa haitatoa tena idadi ya simu inazouza. Januari iliyofuata mkuu wake, Tim Cook, aliwaandikia wenye hisa kwamba mapato yatapungua, na miongoni mwa sababu alizotaja ni kwamba watu walibadilisha betri kwa bei nafuu na kuendelea na simu walizo nazo. Kwa wenye hisa hiyo ilikuwa habari mbaya. Kwangu mimi ilikuwa habari ya watu wenye busara.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoiombolezea teknolojia iliyotulia. Jambo kubwa kuliko yote katika historia ya simu Kenya lilijengwa juu ya teknolojia iliyokwisha kutulia. M-Pesa ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007, miezi miwili baada ya Jobs kuinua iPhone jukwaani, na haikuhitaji chochote kati ya vile alivyovionyesha. Ilitumia menyu iliyofichwa kwenye laini ya simu, pamoja na ujumbe mfupi. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Desemba 1992, kwa hiyo kufikia 2007 ulikuwa na zaidi ya miaka kumi na minne, na hakuna aliyepanga foleni kuushangaa. Nguvu yake ilitoka hapo hapo. Kwa kuwa ulikuwa umetulia, kila simu iliuelewa kwa namna moja, kuanzia ya waziri hadi Nokia 1100 ya mwaka 2003 yenye tochi, zile ambazo Wakenya waliziita mulika mwizi. Wakala angefundishwa mara moja na somo lisichakae. Bibi angeonyeshwa na mjukuu hatua za kufuata, na mwaka uliofuata angezikuta zilezile mahali pake.

Ukanda wa ziwa umeona hayo zaidi ya mara moja. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, yenye kituo Kisumu, iliwahi kuanzisha huduma ya kupeleka bei za samaki kwa ujumbe mfupi, ili mvuvi ajue mbuta anauzwa vipi ufukwe mwingine kabla hajaelekeza chombo. Kisha kukaja mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 kwa uratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na idara za hali ya hewa za nchi zetu, kuwapa wavuvi wa Ziwa Victoria utabiri wa upepo na mawimbi. Ziwa hili hukadiriwa kuua watu kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka, wengi wao kwa dhoruba za ghafla. Utabiri huo uliwafikia watu kwa redio, kwa makundi ya WhatsApp, na kwa vinywa vya viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe. Simu iliyohitajika kuupokea ni ya kawaida kabisa. Kilichokuwa kigumu ni kuiona dhoruba mapema, na kuieleza kwa maneno ambayo nahodha atayaamini.

Mtumbwi wenyewe uko hivyo. Umbo lake babu angelitambua leo bila shida. Lakini nyuma umefungwa injini, na karabai zilizokuwa zikivuta omena usiku zimepisha taa za betri. Hakuna anayesema uvuvi umekwama kwa sababu mbao ni zilezile.

Sasa nirudi kwa yule kijana na mkebe wake. Kioo cha kugusa hufanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo unaopita kwenye ngozi ya kidole. Maji nayo yanapitisha umeme, kwa hiyo tone likikaa juu yake simu haijui ni kidole au ni ziwa. Simu za bei ghali zilianza kuzuia maji kama jambo la kawaida mnamo 2016, na miaka ya karibuni vioo vyake vimeng'arishwa hadi vinasomeka juani. Maarifa hayo yapo na yamekomaa. Hayajashuka hadi kwenye simu ya shilingi 8,000, ambayo ndiyo inayoingia majini kila usiku. Simu inayokunjwa kama kitabu, ambayo Samsung iliitoa 2019, itafanya nini kwenye mchanga wa Marenga? Chembe moja ikiingia kwenye bawaba, kwisha. Ningefurahi zaidi kuona kampuni moja ikichukua simu ya kawaida, ikaizibia maji, ikaweka vitufe viwili vya kupokea na kukata, basi.

Usitazame ufukwe tu; tazama meza ya fundi. Zamani betri iliondolewa kwa ukucha: unafungua mfuniko, unaitoa, unaipangusa, unairudisha. Fundi niliyekaa naye sokoni alikuwa akipuliza hewa ya moto kando ya simu ili gundi ilegee, akaingiza kipande cha kadi ya plastiki, akakisukuma taratibu akishika pumzi. Kioo kilipasuka kikiwa kimebaki kidogo kutoka. Hakuwa mzembe, simu iliundwa isifunguliwe. Umoja wa Ulaya umeweka kanuni, zilizoanza kutumika Juni 2025, zinazowalazimu watengenezaji kutoa vipuri kwa miaka 7 na masasisho ya programu kwa miaka 5. Huku kwetu simu nyingi hufika bila ahadi kama hizo. Mamlaka ya Mawasiliano ina uwezo wa kudai hivyo hivyo kwa simu zinazoingia Kenya, na teknolojia iliyotulia ndiyo inayofanya dai hilo liwe la haki, maana mtengenezaji hawezi tena kusema kwamba baada ya miaka miwili utahitaji nyingine.

Siku hizi programu ndiyo inayoua simu nzima. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android za toleo la 4.4. Kioo kizima, betri nzima, spika inasikika, lakini mwenye simu ametolewa kwenye kundi la ufukwe lenye bei na utabiri. Google na Samsung sasa zinaahidi masasisho ya miaka 7, kwa simu zao za bei ya juu. Aliye na kidogo ananunua simu inayozeeka haraka zaidi.

Kuhusu akili bandia, ambayo sasa inatajwa kuwa ndiyo mlima mpya, sina mengi. Sehemu kubwa yake hufanyiwa kazi kwenye mitambo ya mbali, kwa hiyo inadai mtandao na bando kuliko simu mpya. Kisumu ilikuwa kati ya miji minne ya kwanza kujaribiwa 5G na Safaricom Machi 2021. Port Victoria, mpakani hivi, mtu akiingia ziwani huenda simu yake ikadaka mtandao wa Uganda kabla ya wa kwao.

Kinachonihangaisha zaidi ni namna simu inavyolipiwa. Wengi hapa huipata kwa mkopo: unaweka kianzio, kisha unalipa kila siku, na usipolipa simu inajifunga. Mpango huu umewapa simu janja watu ambao wasingeipata kamwe, na ninauheshimu. Lakini hesabu yake iliandikwa na mtu anayedhani pesa huja kila siku. Pesa ya omena inafuata giza. Samaki hao huvutwa na taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, mitumbwi hulala siku kadhaa. Halafu kuna msimu wa kufungwa kwa uvuvi wa omena, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, ambao serikali imeuweka ili samaki wazaane. Programu ya kufuata kalenda ya mwezi ni kazi ndogo kwa mhandisi yeyote aliyeweza kuunda ile ya kufunga simu kwa mbali.

Nilimkuta mama mmoja muuza omena wakati wa mwezi mpevu, ameketi mbele ya nyavu tupu. Simu yake janja ilikuwa kwenye kanga, haina ufa, betri imejaa. Kwenye kioo palikuwa na namba ya kulipia, basi. Aliponiomba nimpigie mwanawe Kisumu, alinitajia namba kwa kichwa, tarakimu zote kumi.