Fahamu: Jinsi programu ya Linux inavyofungashwa kwa ajili ya FreeBSD

Programu huria nyingi huandikwa na watu wanaotumia Linux, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Skripti inayoitafuta bash ndani ya /bin hukwama kwenye FreeBSD, kwa sababu huko bash hukaa /usr/local/bin. Hata make, zana ya kujenga programu, ni nyingine. Ile ya GNU huitwa gmake.

Mfungashaji huandika faili la Makefile linalotaja toleo, leseni na programu nyingine zinazohitajika. Faili la distinfo hutunza alama ya SHA256, ili msimbo utakaopakuliwa kesho uwe uleule wa leo. Marekebisho huwekwa kwenye folda ya files, lakini yapelekwe pia kwa waandishi wa programu yenyewe. Ukibaki nayo peke yako, utayarudia kila toleo jipya likitoka.

Kinachofundisha zaidi ni majaribio. Zana iitwayo Poudriere huijenga programu katika mazingira matupu, na tegemezi ulilolisahau hujitokeza papo hapo, hata kama kwenye kompyuta yako kila kitu kilikwenda sawa.

Mkusanyiko wa programu zilizofungashwa hivi kwa ajili ya FreeBSD, ulioanza 1994, una programu zaidi ya 30,000. Baadhi hazina mtunzaji, na anayejifunza anaweza kuanza na mojawapo.